Mwenye Kiti cha Kushoto

Yenga, tarehe 14 septemba

Yaya Kanyere, dada yangu mkubwa, unisamehe. Kaye hii ya kuandikia ulinipa mwezi wa saba, ukiwa tayari unapanda bisi ya kurudi Kampala. Ukaniambia, "Andika mvua ikianza, kidogo kidogo, halafu utanitumia yote nisome, juu simu yako kila siku haina unité ya kupiga." Mvua imeanza zamani. Kaye ilikuwa chini ya nguo za watu, nami kila asubuhi niliiona nikaiambia kesho. Si uvivu, yaya. Destin anaota meno. Akiamka, Chance naye anaamka ili asipitwe na kitu. Na mashine ya kushona haishoni yenyewe. Leo ni yenga, tumetoka misa, wote wawili wamelala mchana, basi naanza.

Habari kubwa ni hii: tunanunua mutuka, gari letu wenyewe.

Unajua mwezi wa nane moto, ile pikipiki ya kukodi, ilituangusha kwenye matope pale Shari, Chance akashonwa kidevu. Tangu siku ile Yves akisikia moto inapita anameza mate. Zamu yetu ya likirimba, ule mchango tunaozungusha, ilipofika, akaleta pesa nyumbani, akaweka juu ya meza, akasema, "Mama Chance, watoto wangu hawapande tena moto mu mvua." Nilimpenda jioni ile kama siku ya ndoa.

Halafu akamaliza maneno yake: "Siku ya posho, kazi ikifungwa, nitaenda kuangalia mutuka na Arlette."

Arlette ni yule wanafanya naye kazi kwenye depo ya dawa. Ni wa Djugu, walikimbia vita, sasa anaishi na mama yake katika chumba kimoja Shari. Kaka yake alikuwa na taksi, akamfundisha kuendesha, na anajua mutuka kuliko wanaume wengi. Sina neno na hayo. Neno langu ni kwamba anamwita bwana yangu "Yves." Jina kavu, hivyo hivyo. Hata "Baba Chance" hapana.

Siku ya pili ya wiki, tarehe 16

Mvua. Nimeshona housse, nguo za kuvalisha viti, kwa Laurent, muuza mutuka. Nyekundu na nyeusi, mshono wa mara mbili. Akaniambia kama kawaida, "Funika na ile vyuma ya kufungia mikaba ya viti, inachubua nguo za wateja." Nikafunika. Hapa Bunia mutuka ikiingia, kwanza tunaivalisha.

Posho, tarehe 20

Nilikwenda nao. Yves alisema nibaki na watoto. Nikasema hapana, nikamfunga Destin mgongoni, nikamshika Chance mkono, nikatangulia mlangoni.

Kwa Laurent kulikuwa na ndogo mbili za bei yetu. Moja ni nyekundu, inang'aa, plastiki bado iko juu ya milango, na ina kamera ya kurudi nyuma. Nilipofungua mlango nikakuta housse zangu. Yaya, nilisikia kama nimemkuta mtoto wangu amevaa vizuri kwa watu. Ya pili ni ya kijivu, ya zamani zaidi, ubavuni imebonyea, viti vimechoka. Na hiyo ya zamani bei yake iko juu. Nikauliza sababu. Laurent akashika usukani, akasema, "Mama Chance, volan. Nyekundu iko na volan ya kuume, ilitoka kwa wale wanaendesha upande mwingine. Ya kijivu volan iko kushoto, ni ya inchi yetu."

Arlette hakuangalia rangi. Alijikunja, akasoma tarakimu ndogo kwenye mipira ya magurudumu, akasema zile mbili za mwisho ndizo mwaka mipira ilifanywa, na ya nyekundu imezeeka ingawa inang'aa. Akaingia, akageuza ufunguo nusu, akamwita Yves aangalie taa.

"Hii alama ya baloni, ile inafumuka mukigongana, inapashwa kuwaka, kisha izimike. Kwa hii nyekundu haiwake hata kidogo. Mutu aliondoa ampuli ya taa yake. Baloni ilishapasukaka zamani, haimo."

"Na ya kijivu?" Yves akauliza.

"Imewaka, imezimika. Inapumua."

Wakacheka. Sijui walicheka nini hapo.

Kisha tukajaribu nyekundu mpaka njia ya aéroport. Yves kwenye volan, kuume. Arlette akakaa mbele, kushoto. Mimi nyuma na watoto wawili. Sasa sikia vizuri, yaya, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulianza kuumwa. Kwetu tunatembea kuume ya njia, basi mwenye volan ya kuume, akifuata kamyo kubwa ya mizigo, haoni mbele. Kamyo inamziba. Yule wa kushoto ndiye anaona. Kwa hiyo njia nzima niliwasikia hivi:

"Naweza pita?"

"Bakia. Moto inakuja. Bakia. Sasa pita."

Naye anapita, bila kuona kitu, kwa neno lake tu.

Mimi nimezaa na mtu huyu watoto wawili, na nikimwambia aweke chumvi kidogo anabisha.

Siku ya kwanza, tarehe 22

Jirani yangu Régine, Mama Prince, akiwa anaanika nguo: "Mama Chance, ni kweli mutuka yenu bado haijafika lakini mwenye kiti ya mbele ashapatikana?"

Nikamwambia aangalie kamba yake, suruali ya bwana yake ina tundu matakoni, watu wote wanaona.

Lakini sikulala.

Siku ya ine, tarehe 25

Yves anataka ya kijivu. Au niseme vizuri: Arlette anataka ya kijivu, na Yves amerudi nyumbani na maneno ya Arlette mdomoni. "Mikaba ya nyuma ilikatwa, watu walifunga nayo mizigo, lakini mikaba inauzwa. Volan haigeuzwe." Najua sauti yake, na hiyo si yake.

Nikasema nataka nyekundu.

Akaniuliza juu ya nini. Nikamwambia ni ya karibuni, inakunywa mafuta kidogo, ina kamera, na pesa itakayobaki italipa karo ya Chance. Yote ni kweli, hakuna uongo ndani. Lakini kwako nitaandika ile nyingine. Ya kijivu, mtu anaendesha peke yake, anaona peke yake, hahitaji mtu. Nyekundu inaomba macho ya mtu mwingine. Nilitaka aniulize mimi: naweza pita?

Siku ya tano, tarehe 26

Mvua ya mawe. Njia ya Tchomia imefungwa tena, samaki hakuna sokoni. Tumekula sombe, majani ya muhogo.

Yenga, tarehe 5 oktoba

Wiki nzima tunabishana kwa upole, kama watu wanaovuta shuka moja. Baba Chance anasema usalama, mimi nasema bei. Yeye anasema baloni, mimi nasema tulipanda moto miaka yote, moto ina baloni gani? Nilishinda, na sikufurahi.

Jioni alipigiwa simu. Akatoka kwenda kusikilizia kwenye mvua, chini ya mabati ya Régine. Aliporudi akasema ni kazi. Nguo zake zilinukia mvua tu, nilinusa.

Siku ya tatu, tarehe 8

Yves amekubali. Yenga baada ya misa tutajaribu nyekundu mara ya mwisho, kisha atalipa. Ameniambia Arlette atakuja, asikilize freni kama zinashika. Nikasema sawa, atakaa nyuma.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Jana sikuandika.

Tulimwacha Destin kwa Régine. Nilivaa kitenge changu cha bluu, kile ulichonitumia Noeli. Nikakaa mbele, kushoto, nikafunga mukaba wangu. Nyuma Arlette alikuwa anapapasa kiti, anatafuta chuma cha kumfungia Chance. Aliuvuta mukaba, ukatoka, lakini fasi ya kuuingiza ilikuwa chini ya housse. Yangu, mshono wa mara mbili.

"Mama Chance, uko na kiwembe? Tupasue hapa kidogo."

Nikamwambia, "Ni kazi yangu hiyo. Na mutuka bado ni ya watu."

Akamvuta mtoto karibu, akamzungushia mkono. Tukaondoka.

Mwanzo ulikuwa mzuri, yaya. Yves alikuwa ananiuliza, nami najibu. Bakia. Bakia. Pita. Nilijisikia mrefu. Barabara ilikuwa ya matope, watu wanatoka kanisani, wananiona. Nikashusha kile kibao cha kuzuia jua ili nijione. Ndani yake kuna kioo kidogo. Nilijiona. Kisha, nyuma yangu, nikamwona Arlette.

Chance alikuwa amelala kifuani mwake. Mtoto huyu ambaye kwangu halali bila kupiga kelele, alikuwa amelala mdomo wazi, na Arlette alikuwa anapitisha kidole polepole kwenye lile kovu la kidevu, huku anatazama kisogo cha bwana yangu. Au barabara. Mpaka sasa sijui alikuwa anatazama nini. Nikabaki kwenye kioo, nataka kujua.

Mbele yetu kulikuwa na kamyo ya makala ya kupikia, inatembea kama mgonjwa. Yves akasema, "Mama Chance, naweza pita?"

Nikasema, "Pita."

Sikuangalia, yaya. Macho yangu yalikuwa ndani ya kioo. Na ndani ya kile kioo niliona uso wa Arlette ukibadilika kabla mimi sijasikia honi. Alisema "Yves" mara moja tu, si kwa nguvu. Nilipoinua macho, kamyo nyingine ilikuwa pale, taa zake zinawaka, karibu kabisa. Yves akavuta volan kushoto, tukatoka barabarani, tukaanguka mtaroni.

Mukaba wangu ulinikata bega, ukanishika. Wa Yves ulimshika. Nyuma hakukuwa na kitu cha kushika mtu. Nilisikia mlio mdogo, kama mti mkavu wa kuni unapovunjika.

Niligeuka. Arlette alikuwa amepiga magoti sakafuni, Chance chini yake, na mkono wake wa kuume ulikuwa kati ya kichwa cha mtoto wangu na chuma cha kiti. Mkono ule ulikuwa umepinda fasi ambayo mkono haupindi. Chance alifungua macho akauliza kiatu chake kiko wapi.

Tulimpeleka Arlette hospitali kutiwa gips ya kushika mfupa. Yves alikuwa anaambia kila mtu, mpaka mlinzi wa lango, "Ule shofere wa kamyo alikuwa kichaa. Bibi yangu aliona njia iko wazi, ule alitokea tu." Arlette alikuwa kwenye benchi, amekunja uso kwa maumivu. Akaniangalia. Kisha akaangalia ukuta.

Siku ya pili, tarehe 14

Chance mzima. Hajajikwaruza hata ukucha. Nimemvua nguo yote na kumwangalia mara nyingi.

Siku ya tatu, tarehe 15

Nimepika bugali na makayabu ya akiba, samaki wa chumvi, nikaenda Shari kwa mguu, Destin mgongoni. Mama yake Arlette alinikaribisha, akachukua mtoto, akatoka naye nje kama mtu anayejua kwamba kuna maneno.

Arlette anakula kwa mkono wa kushoto, vibaya. Nikamkatia samaki. Kisha akasema:

"Nilikuona ndani ya kioo."

"Najua."

"Ulikuwa unaangalia mie."

"Ndiyo."

"Mbona? Niko na pembe?"

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia kiti cha mbele, na Yves-Yves, na simu ya mvua, na Chance kulala kifuani. Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka akashika gips yake.

"Mama Chance, bwana yako anakula na mudomo wazi. Pale kazini tunageuza viti ili tusimuone. Hata angeniongezea na ile mutuka, siwezi kumutaka. Na ile simu ya mvua, ni mie nilikuwa namuomba asikubali ile nyekundu. Alinijibu, 'Bibi yangu ameshaamua.' Ndiyo hiyo simu yako."

Utanicheka, yaya, lakini nilikasirika kwa ajili ya bwana yangu. Yeye hali chakula na mdomo wazi sana. Ni pua yake inaziba wakati wa mvua.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Yves kwamba sikuangalia barabara.

"Ile ni maneno ya nyumba yako. Mie niko na yangu." Akainua mkono wenye gips. "Lakini weye, usikae na ile neno muda mrefu. Itaoza."

Nilitembea kurudi kwetu Rwambuzi na wivu mpya. Ule wa kwanza ulikuwa wa bwana. Huu ni wa moyo wa Arlette, na huu sijui nitamgombeza nani.

Siku ya ine, tarehe 16

Nilimwambia Yves asubuhi, kabla ya chai, ili nisipate muda wa kugeuka. Nilisema, "Kamyo haikutokea tu. Mimi sikuangalia. Nilikuwa naangalia Arlette ndani ya kioo." Na sababu pia nilisema.

Aliketi. Alivaa buti moja, nyingine ilibaki mkononi. Nikaona mawazo yanapita usoni kwake, yote, na hakuna hata moja lililonipendeza. Akavaa buti ya pili, akaenda kazini bila chai.

Mvua mchana kutwa.

Siku ya tano, tarehe 17

Leo akiwa mlangoni akasema, "Mi ndiye nilikuwa napita bila kuona. Mutu mwenye akili hanunue mutuka inayopita bila kuona." Kisha, bila kugeuka: "Na weye, Mama Chance, uliniuza kwa kioo."

Nikasema ndiyo.

"Tutaenda kuona ya kijivu," akasema.

Posho, tarehe 25

Ya kijivu iko mbele ya nyumba. Kuku wa Régine wamekwisha kupanda juu yake. Laurent hakuniomba pesa za ubavu wa nyekundu uliokwaruzwa mtaroni. Tumepatana kwamba nitamshonea housse mpaka Noeli. Nimemwambia nitazishona kwa namna yangu: kila chuma cha mukaba kitakuwa na mlango wake, na nitaupinda ukingo vizuri usichanike. Akalalamika kwamba wateja hawapendi. Nikamwambia basi atafute mshonaji mwingine Bunia nzima mwenye mshono wa mara mbili. Na zile nyekundu na nyeusi nilizipasua mimi mwenyewe, mbele yake, kwa kiwembe.

Régine alikuja kuizunguka. "Mama Chance, mbona haing'ae?"

"Inapumua," nikamwambia.

Yenga, tarehe 2 novemba

Yves anaendesha peke yake, anaona peke yake. Ninakaa kuume, mikono mapajani, sina kazi. Leo alifuata bisi muda mrefu, halafu akaniuliza, "Mama Chance, unaona je?" Hakuhitaji kuniuliza. Nilinyoosha shingo upande wangu, nikaangalia, nikaangalia tena, nikasema, "Bakia."

Akabakia.

Siku ya ine, tarehe 6 novemba

Yaya, kaye imefika mwisho na Gaspard wa bisi ya Mahagi anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo ninaifunga leo nimpe akuletee. Nilisikiliza sauti yako kwenye simu ya Régine, mara mbili. Umesema pale unapouza kuna maduka ya vipande vya mutuka mstari mzima, na kwamba niandike kila kitu ninachotaka. Arlette ananifundisha kuendesha siku za posho. Anakaa kando na gips yake, ananitukana kwa adabu, na bado anasema "Yves." Nimeacha kuhesabu. Karibu nimeacha.

Mikaba ya nyuma, mitatu, si miwili. Wa katikati ni wa Arlette, anapanda na sisi kwenda kazini. Iwe ile inayopita begani, si ya tumbo tu, na kila mmoja uje na chuma chake cha kufungia. Jaribu kila chuma dukani, ufunge na kufungua, usikubali maneno ya muuzaji.

Kiti cha mtoto cha kufungwa kwa mukaba, kwa Chance, asiwe tena juu ya magoti ya mtu. Kikiwa kimetumika si neno, lakini kisiwe kimepasuka chini. Kwa Destin kile kidogo kinachoangalia nyuma.

Mpira mmoja wa akiba. Soma zile tarakimu mbili za mwisho.

Uzi mnene mweusi, rola sita, na sindano za mashine za ngozi.

Dawa ya kufungua pua, kwa Baba Chance.

Kitenge kimoja kwa Arlette, kizuri, cha rangi atakayopenda. Kisishinde changu cha bluu.

Na uliuliza juu ya kioo cha kile kibao cha jua, kwa sababu Yves alikuambia kwenye ya kijivu kilianguka na upande wangu kuko tundu tupu.

Hicho usitume.